Mwani si Samaki

"Mwani si samaki."

"Sijasema ni samaki, Bi Somoe. Nimesema umetoka baharini."

"Hata mimi nilikuwa natoka baharini kila siku, maji yamenifika kiunoni. Mbona hujaniita pono?"

Uani pakaangua kicheko. Mimi Mwantumu nilikuwa chumbani kwangu, dirisha wazi, nimeegemea mito mitatu kwa sababu nikilala chali koo linajifunga. Nilitaka kucheka nao, maana Somoe akishikwa na maneno hana mfano Ngamiani nzima. Nikatikisika mabega tu. Kicheko changu kilishakwenda na sauti.

"Nilipewa masharti mbele ya watu," Somoe aliendelea. "Chumvi marufuku, samaki marufuku, dagaa, kamba, maziwa, mayai, vyote marufuku. Nimevunja lipi? Njoo uonje sufuria yangu. Mchicha wa Mwantumu umepooza kama maji ya kuoshea mchele. Mwani ni zao, mwanangu. Tunafunga kamba, tunapanda, tunapalilia, tunavuna. Umesikia wapi samaki akapaliliwa?"

"Unamtilia tangu lini?"

"Tangu mashavu yalipoanza kumwingia ndani. Kijiko kwenye uji wa asubuhi, kijiko kwenye uji wa jioni. Unga wenyewe nimeusaga kwa mikono yangu. Kwetu mzazi hanyanyuki kitandani bila mwani. Mtazame leo, si amerudi rangi?"

 Aliyekuwa akimhoji ni Hidaya, mke wa Chande, wapangaji wangu wa chumba kinachofuata; mimi ndiye niliyesherehesha harusi yao kwa kipaza sauti changu. Nikamsikia akiweka kopo chini taratibu, kama anayemlaza mtoto. Mabega yangu yakaacha kutikisika.

Mji wetu, tangu miaka ile walipokuwa wakituletea betri chakavu za dunia nzima tuzivunje pale nje ya mji, watu wanaota shingo. Vumbi liliingia kwenye visima na kwenye nguo zilizoanikwa. Uvimbe mwingine ni wa upole, unaishi nao mpaka unazeeka nao. Ila upo ule tunaouita Kasi. Ni saratani ya tezi ya shingoni isiyojua subira. Jumatatu umevaa mkufu, Ijumaa mkufu haufungi. Zamani mtu akiambiwa ana Kasi, watoto wake walio mbali waliitwa, na wale wa ng'ambo walifika wakakuta arobaini imesomwa.

Tezi ya shingo, alivyonieleza Mhina, fundi wa mionzi, kazi yake ni kunywa madini joto, haya yaliyomo kwenye chumvi ya dukani. Hakuna kiungo kingine mwilini chenye uroho wa kitu hicho kama yeye. Kwa hiyo saratani zile za upole wanaziua kwa ujanja: wanakupa madini joto yenye mionzi, tezi inakunywa kwa tamaa zake, inakufa na kilicho ndani yake. Kasi hanywi. Kasi ni seli iliyosahau kwao. Ndipo ikaja hii sindano inayozikumbusha seli asili yao, kwa siku chache tu, na kwa mtu mmoja mara moja tu, hazijifunzi tena. Mtaani tunaiita darasa. Ukikutana na mtu amevaa kola, ile pete pana ya shingoni inayopima seli, unamuuliza, "Watoto wamefaulu?" Kola ikiwaka kijani, seli zimekumbuka, zimefungua midomo, zina njaa. Hapo unaletewa funda lako. Ni funda moja kweli, unalivuta kwa mrija. Na linakuja moja kwa mji mzima kila mwezi, halitunziki, nguvu zake zinakufa njiani kama barafu.

Sharti ni njaa. Mwili ukiwa umejaa madini joto ya kawaida, seli zinafungua midomo na kukuta zimeshiba.

Na mwani? Mimi niliwahi kusherehesha ufunguzi wa kiwanda cha mwani. Nilisoma kwenye kipaza sauti, kwa mbwembwe zangu zote, kwamba hakuna kiotacho duniani chenye madini joto kushinda mmea huu. Watu walipiga makofi. Somoe siku hiyo alikuwa nyuma anapakua pilau.

Kola yangu ilikuwa imewaka kijani tangu jana.

*

Somoe aliniletea uji wa jioni mwenyewe, bakuli kwenye sahani, sahani kwenye kitambaa. Tumekua pamoja huyu, tumechezwa ngoma pamoja, tumefiwa na waume mwaka mmoja.

"Umemsikia huyo mtoto anavyonisakama?"

"Nimesikia," kola ikasema.

Sauti ya kola yangu waliitengeneza kutokana na rekodi za harusi, ndizo pekee zilizobaki nikiwa mzima. Nikisogeza ulimi kama nasema, yenyewe inasema. Lakini inajua furaha tu. Hata nikiomba beseni la kutapikia, inatoka kama natangaza bibi harusi anaingia ukumbini.

"Wivu," Somoe alisema. "Mumewe na yeye anangoja funda, anakuona wewe unanawiri. Kunywa, usiuache upoe."

Nikautazama uji. Ulimi wangu ulikufa ladha tangu sindano, wangenipa majivu ningemeza. Ndiyo maana sikujua. Sasa nilijua, na yeye alikuwa amesimama anangoja, mikono kiunoni, uso umejaa kazi aliyoifanya vizuri. Ungesema nini? Mwambie mtu, shoga, umeniua kwa kijiko?

Nikanywa. Jambo lilikuwa limeshaharibika.

"Hivyo," alisema, akanifuta kidevu kwa pindo la khanga yake. "Kesho ukipona tutampa huyo mtoto la kusema."

*

Hidaya aliingia kabla ya magharibi, bila hodi, akaurudisha mlango kwa mgongo. Akatoa kichupa ndani ya khanga akakiweka juu ya kigoda.

"Nini hicho?"

"Mkojo wa Chande."

"Mkojo wa Chande?" kola ikarudia kwa bashasha, nusu ya nyumba isikie. Nikaiwahi kwa kidole, nikaishusha sauti.

"Amesikia yote kwa dirisha," Hidaya alisema. "Akanipigia ukuta, akanipa hiki, maneno akaniandikia. Kesho Mhina atapima wako, atakuta mwani, atakuruka aje kwetu. Chande ndiye anayekufuata. Na yeye kola imewaka, na masharti ameyashika, hata mate ya chumvi hajameza. Anasema utie wake kwenye kikombe cha Mhina, unywe kwa zamu yako."

"Na yeye?"

"Funda la mwezi ujao halimkuti. Anajua." Akaufuta mkono kwenye khanga. "Anasema foleni ni foleni. Anasema hawezi kuishi kwa kosa la uji."

Chande ndivyo alivyo. Ni fundi wa mabati, ukimpa msumari zaidi ya anaohitaji anakurudishia.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

Hidaya alikitazama kile kichupa kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani.

"Nimesimama pale koridoni nikataka kukimwaga. Nikataka nikimwage, niingie nimwambie umekataa. Halafu nikawaza kwamba atakuja kukuuliza." Akakisogeza kichupa upande wangu. "Sikukuletea kwa moyo mweupe, Bi Mwantumu. Nataka ujue hilo."

"Shingo yake ikoje?"

"Jana alikuwa akinywa maji anameza. Leo anayaweka mdomoni kwanza, anayafikiria."

Akaenda. Kile kichupa kikabaki kigodani, na mimi nikabaki nacho. Nilisikia nyumba yote ikila: vijiko, mtu anamgombeza mtoto, mtu anauliza nani kahamisha mbuzi ya nazi. Nyumba yangu ina vyumba vinane na sijawahi kukiacha hata kimoja kikae mwezi bila mtu. Napenda watu wakijaa mpaka wa bafuni anapigiwa mlango. Wiki hizo nilikuwa nakula peke yangu, kwa sababu hata harufu ya sufuria zao Mhina aliiogopa.

*

Mhina alifika asubuhi akivuta kasha lake la madini ya risasi, lina magurudumu na bado lilimtoa jasho. Kijana wa Korogwe, mrefu, mwenye kuomba radhi kwa vitanda anavyovigonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," kola ikamlaki kama msafara wa bwana harusi.

Akafunga mlango. Nje ya mlango nilijua yupo Somoe, na nyuma ya Somoe wapo wote. Akanipa kikombe cha kupimia.

"Mhina, nikuulize. Mtu akija na mwili umejaa, funda linamfaaje?"

Akadhani ni maongezi tu. "Mama, wewe umekaribisha watu maisha yako yote. Mtu aliyetoka kula harusini ukimkaribisha, anakula?"

"Anamega tonge moja kwa heshima."

"Basi na seli ni hivyo. Zinamega kwa heshima. Katika mia, labda mmoja ameamka kwa namna hiyo."

"Na aliyekuja na njaa?"

"Zaidi ya nusu wanaishi. Wengine mpaka wanasahau walikuwa wagonjwa." Akaangalia chini. "Zaidi ya nusu si wote, mama. Nisikudanganye."

Nikaingia nyuma ya pazia na vyombo viwili, kikombe cha Mhina na kichupa cha Chande. Ukiwa mzima, mmoja katika mia ni maneno ya watu wa bahati nasibu. Ukiwa na Kasi unamwona huyo mmoja. Unamjua. Ana mwendo wako na anavaa khanga zako. Nikamwambia Mungu aangalie upande mwingine kidogo, nikamimina wa Chande.

Mashine yake ya kupimia mkojo inajua madini, haimjui mtu. Ikaguna, ikatoa taa nyeupe.

"Mama," Mhina alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake ya nyuma, "sijaona safi kama huu tangu mwaka uanze. Aliyekupikia apewe zawadi."

Mlango ulikuwa mbao nyembamba. Somoe akapiga kigelegele kilichoruka paa. Wakamfuata wengine, koridoni, uani, mpaka upande wa pili wa barabara, watu wasiojua hata kuna nini wakapokea. Somoe nilimsikia akisema katikati ya kelele, "Yuko wapi aliyesema mwani sumu? Aje hapa."

Mhina akapiga magoti, akaanza kufungua komeo za kasha.

Na kwenye ukuta, upande wa kitanda changu, Chande akapiga. Kasi ilishamnyang'anya sauti na yeye, na kola yake haikupata rekodi za kuisemesha, hawezi kuita wala kupiga mluzi. Akapiga ukuta kwa kiganja, polepole, pa, pa, pa, akiitikia vigelegele kama watu wa kando ya ngoma wanavyoitikia. Alikuwa akinipongeza.

Laiti asingepiga. Angekaa kimya ningekunywa, wallahi ningekunywa, na hivi sasa ningekuwa nahesabu kama mimi ndiye yule mmoja.

Nikaishusha kola mpaka ikanong'ona. "Mhina. Funga kasha. Ule si wangu."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kichupa. Akakaa chini kabisa, sakafuni, na nguo zake nyeupe. Nikarudi nyuma ya pazia nikamletea ulio wangu kweli. Mashine haikuguna hata. Taa nyekundu iliwaka kabla hajaweka kifuniko.

"Umekula nini, mama?"

"Mwani."

"Nani alikupa—"

"Nani amekuuliza nani?"

Huko nje walikuwa wanaimba sasa.

"Sikiliza. Nitawaambia seli zilijifunga alfajiri. Kwamba zilikumbuka, kisha zikasahau tena, hutokea. Wewe nizimie hii taa ya kijani."

"Mama, mimi siruhusiwi kumdanganya mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi, na mimi umeniambia kweli. Hao wa nje ni majirani."

Akainuka, akashika kola shingoni mwangu kwa vidole vya baridi, akaibonyeza mahali. Kijani kikafa.

"Na huu safi ni wa nani?" akauliza, ingawa macho yake yalishafika ukutani.

"Kapime chumba cha pili. Utaukuta hukohuko."

Aliyekuwa wa kwanza mlangoni ulipofunguliwa ni Somoe, mikono juu, kigelegele mdomoni. Nikasema nilichosema. Kola ikakitangaza kwa shangwe: seli zimefunga, funda haliwezekani, liende kwa Chande. Baadhi yao waliendelea kupiga makofi, kwa ile sauti, mpaka maneno yalipowafikia.

Hidaya alikuwa nyuma yao. Yeye hakuhitaji kufikiwa. Nikamvuta ndani, wengine wakidhani nataka kumpa mkono wa heri.

"Somoe asijue," nikamwambia. "Si leo, si nikishazikwa, si siku mtakayogombana kamba za kuanikia. Chande umwambie kama walivyoambiwa wengine."

"Hataamini."

"Asiamini. Anyamaze tu. Najua nyumba hii. Humu mimba inajulikana kabla ya mwenyewe kuijua, na mimi mwenyewe siri haijawahi kulala kwangu. Lakini hii nakuomba."

Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kushukuru, na neno likaniona likarudi. Akatikisa kichwa kukubali, akatoka.

Kwa ukuta nikasikia Mhina akieleza. Kitu kikaburutwa, nadhani kiti. Hidaya akasema neno moja, sikulipata. Kisha kimya kirefu, kama mtu anayepima bati kabla ya kulikata. Kisha mrija ukanyonya chombo kikavu.

*

Gari lilimchukua Chande kabla ya adhuhuri. Aliyekunywa funda anawaka mionzi, hukai naye, hata mke hapandi gari moja naye. Wiki nzima anakaa kwenye mabanda ya watu wa mionzi nje ya mji, anasukumiwa chakula kwa tundu la ukuta. Alipopita dirishani kwangu alisimama. Hakupunga mkono. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama, mpaka Mhina akamgusa begani kwa fimbo ndefu.

Somoe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha uani, khanga ameifunga kiunoni kwa hasira.

"Shule gani hii," alisema, hamwambii mtu, "wanafunzi wanatoroka asubuhi ya mtihani." Akajipangusa uso. "Masharti yamekwisha, si ndiyo? Hakuna tena cha kukatazwa?"

"Hakuna," kola ikasema.

"Basi leo utakula kama watu."

Na alipika. Alipika kama ana ugomvi na kila sufuria. Kolekole wa nazi, kamba wa kukaanga, bamia, wali uliokolea chumvi, achari ya ndimu, mpaka majirani wa nyumba ya tatu wakachungulia. Akatandika mkeka chumbani kwake, akaja akanishika mkono akanipeleka, hatua kwa hatua, akaniwekea mito mgongoni. Akaweka sinia katikati. Akanichambulia samaki, akanitolea miiba yote, akanisogezea upande wangu vipande vya tumboni, ninavyovipenda tangu tukiwa wasichana.

Nikaweka kinywani. Ulimi wangu haukujua kama ni samaki au kipande cha mkeka. Nikatafuna. Kumeza kulichukua muda.

"Kitamu?"

"Sijapata kula hivi," kola ikasema, na kwa mara moja sauti yake ilifaa.

Somoe hakula. Alikuwa akizungusha tonge lilelile vidoleni.

"Unajua kinachoniuma, Mwantumu? Nilichelewa. Ningekuanzishia mwani mwezi ule wa mwanzo kabisa, mwili ungepata nguvu ya kuzishikilia hizo seli zisifunge. Niliona mashavu yanakwisha, nikawa nangoja ngoja. Uzembe wangu huo."

Kivuli kikaanguka juu ya sinia. Hidaya alikuwa amesimama mlangoni. Ametoka kumsindikiza mumewe mpaka gari lilipopotea, vumbi limempanda hadi magotini, na alikuwa amesikia kila neno. Midomo yake ilifunguka. Nilimwangalia. Akaibana.

"Hukuchelewa," nikamwambia Somoe. "Ulifanya yote."

"Unanifariji tu." Somoe akainua uso, akamwona aliyesimama. Wakatazamana, na nikaona ile shari ya jana ikimtoka machoni, akiitoa kwa mkono wake mwenyewe. Akavuta goti, akapisha nafasi mkekani.

"Na wewe umesimama hapo kama mgeni? Ya jana yamekwisha, mimi siweki kinyongo na mtoto. Mumeo amepata, tumshukuru Mungu kwa alichotoa. Vua viatu, nawa, uingie ule. Sinia kubwa lote hili, tutalimaliza vipi wawili?"